Koki Inayovuja na Dhamana ya Aliyeonywa

Kutunza mabomba ya nyumba ni kuhakikisha kwamba maji safi yanaingia bila kupotea na maji machafu yanatoka bila kumdhuru mtu. Kwa kawaida kazi hiyo huachiwa fundi, ikapimwa kwa fedha. Hata hivyo ndani yake limo swali zito la dini na maadili: je, mtu anabeba lawama ya madhara ambayo hakuyakusudia, yaliyotokea kwa sababu tu aliacha kitu chake kichakae?

Mtaa wa Mulago, Kampala, unaliweka swali hilo wazi kwa umbo la ardhi yake. Kilimani ipo hospitali ya taifa ya rufaa, iliyoanza mwaka 1913. Kwenye miteremko zipo nyumba za familia na safu za vyumba vya kupanga, ambavyo Waganda huviita mizigo. Chini yake ni Kalerwe na Bwaise, na mfereji wa Nsooba unaoingia kwenye kinamasi cha Lubigi. Maji ya bomba huvutwa kutoka Ziwa Victoria huko Ggaba, yakasafishwa na kusukumwa vilimani na Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972. Yakishatumika upande huu wa mji hayarudi ziwani. Hushuka Lubigi, yakaingia mto Mayanja, kisha Kafu, hadi Nile. Kwa hiyo kila nyumba ya Mulago ina watu wa juu wanaoitumikia na watu wa chini wanaopokea inachokitoa.

Jambo la kwanza la kuamuliwa ni umiliki. Mwenye nyumba hulipia maji kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Husemwa kwamba aliyelipa ana hiari ya kumwaga. Dini mbili zenye wafuasi wengi Uganda, Ukristo na Uislamu, haziikubali hoja hiyo. Katika Uislamu mali ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa binadamu, na israfu imekatazwa hata kwa kitu cha halali. Mtume Muhammad alimkanya swahaba aliyekuwa akitumia maji kupita kiasi katika udhu, akabainisha kwamba katazo hilo lipo hata kwa mtu aliye kando ya mto unaotiririka. Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, Yesu baada ya kuwalisha maelfu aliagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee chochote. Katika visa vyote viwili kitu kilikuwa tele, na bado upotevu ulikatazwa. Kosa la kupoteza, basi, halisubiri uhaba.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa jambo linalodharauliwa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde, ikiwa matone 20 ni mililita moja, hupoteza lita 4.3 kwa siku, yaani karibu madumu 79 kwa mwaka. Tangi la choo linalovuja kimya kimya, hata likipoteza lita moja tu kila dakika kumi, humwaga lita 144 kwa siku, zaidi ya uniti nne kwa mwezi. Bondeni wapo watu wanaonunua maji kwa dumu, au wanaoteka kwenye chemchemi ambazo vipimo vimeonyesha mara nyingi kuwa zimeingiliwa na kinyesi.

Jambo la pili ni madhara kwa jirani, na hapa ndipo sheria za kale zinafundisha zaidi. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamtaka anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari yake ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu yake. Kutoka, sura ya 21, kinatofautisha ng'ombe aliyepiga pembe kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alishaonywa kuhusu ukali wake lakini hakumfunga: huyu wa pili hubeba hatia nzito. Wanazuoni wa Kiislamu wa madhehebu ya Hanafi walijadili suala linalofanana, la ukuta ulioinamia njia. Ukimwangukia mpita njia kabla mwenyewe hajaonywa, halipi fidia. Akishaonywa, akawa na nafasi ya kuubomoa na asiubomoe, analipa. Vivyo hivyo mwenye kushika amana hadaiwi kilichoharibika bila kosa lake, lakini hudaiwa akizembea.

Mila hizo mbili zinakutana kwenye nukta moja. Kinachogeuza ajali kuwa kosa ni onyo. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta huelezwa zaidi kama shauri la kuokoa gharama, lakini ina maana ya ndani pia. Ufa ni taarifa. Tangu siku ulipoonekana, ukuta ukianguka si bahati mbaya tena.

Mabomba hutoa taarifa za aina hiyo kila siku: unyevu ukutani, harufu kwenye chemba, bili iliyopanda bila sababu. Nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na mtandao wa maji taka. Zinategemea vyoo vya shimo au matangi ya ardhini yanayonyonywa kwa magari, ambayo hupeleka uchafu kwenye mtambo kama ule wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014. Tangi lisiponyonywa kwa wakati, uchafu hufurika na kufuata mteremko. Wapo hata wanaofungulia shimo mvua ikinyesha ili mafuriko yauchukue. Hapo si uzembe tena. Ni kumpelekea jirani ugonjwa kwa kujua. Kipindupindu kilienea Kampala wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997, na mwaka 2015 homa ya matumbo ikazuka jijini ikihusishwa na maji na vinywaji vilivyochafuka. Kwa Mwislamu wa bondeni madhara yanaongezeka: najisi ikiingia uani, nguo na mahali pa kuswalia havisalimiki.

Hita ya maji inatoa mfano mkali zaidi. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi hutanuka kwa takriban asilimia 1.5; tangi la lita 150 huhitaji nafasi ya lita mbili na zaidi. Shinikizo likizidi, valvu ya usalama hufunguka na kutoa maji. Mwenye nyumba anayeudhika na maji hayo na kuiziba valvu amemnyamazisha mwonyaji, na tangi lililozibwa huweza kupasuka kwa nguvu ya kuua.

Pingamizi kubwa ni la mwenye nyumba anayeishi mbali: hakuambiwa, basi hakujua. Utetezi huo una nguvu pale tu alipokuwa hana njia ya kujua. Njia zipo, tena hazihitaji fundi. Mita husomwa usiku koki zote zikiwa zimefungwa, ikasomwa tena alfajiri. Namba ikisogea bila maji kutumika, pana uvujaji. Rangi ya chakula hutiwa kwenye tangi la choo. Ikionekana bakulini kabla ya kuvuta maji, mpira umechakaa. Mifuniko ya chemba hukaguliwa kabla ya msimu wa mvua. Mpangaji naye ana sehemu yake, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuona; akinyamaza, ameshiriki.

Umaskini ni udhuru wa kweli kwa asiyeweza kulipa, kwani dini zote mbili hazimtwishi mtu asichokiweza. Kwa hali hiyo Buganda ina desturi ya bulungi bwansi, ambapo wakazi hutoka pamoja kusafisha visima, njia na mifereji kwa manufaa ya wote. Kinachomshinda mmoja hugeuka wajibu wa wengi.

Kutengeneza koki, basi, ni sehemu ya ibada na haki ya jirani. Aliyeona na asitengeneze anadaiwa. Na anayeweza kukagua asikague, kutojua kwake hakumwokoi, kwa maana amekuchagua mwenyewe.