Vazi la Spider-Man na jina tulilompa mtoto

Sifa zote njema ni za Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, leo naomba mniwie radhi. Tumezoea katika ukurasa huu kuwazungumzia wengine: serikali, viongozi wetu, vijana wa mitaani. Leo nina jambo la nyumbani kwangu, na mwenye kosa ndani yake ni mimi mwenyewe, mwalimu wa dini.

Muhula uliopita, shule anayosoma mwanangu Jaafar ilitangaza kuwa siku ya kufunga shule kila mtoto wa madarasa ya chini aje amevaa kama shujaa anayempenda. Jaafar ana miaka saba. Hakufikiri hata dakika moja. Akasema yeye ni Spider-Man. Mama yake akauliza bei dukani, akakuta vazi jepesi, la kuvaliwa siku mbili likachanika, linauzwa kwa fedha ambayo ingetulisha wiki nzima. Kwa kuwa ana cherehani na huwashonea majirani, akasema atalishona mwenyewe.

Kwa wasiomjua, Spider-Man ni mtu wa kubuni. Alianza katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Kilichomfikisha mitaani kwetu ni filamu, hasa ile ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Sam Raimi. Sitajifanya nimesimuliwa na watu. Niliiona kwa macho yangu katika banda la video, siku ambayo nyumbani walijua niko madrasa.

Kisa chenyewe ni cha kijana yatima, Peter Parker, aliyelelewa na ami yake na mke wa ami. Anaumwa na buibui, anapata nguvu za kuparamia kuta. Vazi lake la kwanza ndani ya filamu ile ni la kuungaunga tu: fulana nyekundu ya mikono mirefu iliyochorwa buibui kifuani, na kitambaa cha kufunika uso. Alilivaa akapigane mieleka, apate fedha za kununua gari la kumvutia msichana. Baadaye ami yake anauawa na mwizi ambaye yeye mwenyewe alimwacha apite. Ndipo anapojitengenezea vazi la pili, lenye utando, na kuanza kuwasaidia watu.

Mama Jaafar alidhani lile vazi la kwanza lingetosha. Mtoto akakataa katakata. Alimwonesha mama yake picha kwenye simu: anataka lile la pili, na utando wake wote.

Basi kazi ikaanza. Alinunua fulana nyekundu ya mtumba na suruali ya bluu ya michezo, vyote vya kitambaa kinachovutika, akavifumua na kuvikata upya kwa kipimo cha mtoto. Utando katika filamu unaanzia katikati ya macho, unasambaa kichwa kizima, kisha unashuka kifuani na mikononi. Akauchora kwa chaki na rula, halafu akaupitia kwa uzi mweusi, mstari baada ya mstari. Cherehani yetu ya kukanyaga inashona mshono ulionyooka tu, na mshono wa namna hiyo juu ya kitambaa kinachovutika hukatika mara tu mtoto akiinua mkono. Mara mbili akafumua kazi yote. Mara ya tatu akawa anakivuta kitambaa kwa mikono miwili huku anakanyaga, ili uzi upate ulegevu. Macho meupe aliyakata kwenye kanzu yangu iliyochakaa, akayazungushia ukingo mweusi kutoka katika masalio ya buibui lake mwenyewe.

Usiku sita alikaa na kazi hiyo. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka darasa la watu wazima msikitini, namkuta ameinama chini ya taa. Sikuuliza kitu. Nilikuwa nikisema moyoni kuwa upuuzi huu utakwisha.

Siku mbili kabla ya shule kufungwa, baada ya Alasiri, nilisikia kelele uani. Jaafar alikuwa amevaa vazi lote, na kinyago chake, ameparamia nondo za dirisha mpaka juu kabisa. Nikamwambia ashuke polepole. Nikamuuliza, ukiteleza nani atakudaka? Akanijibu kwa utulivu ulionitisha: "Baba, buibui haanguki." Akaachia mkono mmoja.

Alianguka kwa kiwiko. Alhamdulillahi, mfupa ulipata ufa tu, na hogo limeshatolewa.

Tuliporudi kutoka hospitali usiku ule nilichukua mkasi. Nilikuwa na hoja zangu zote tayari. Nilizungumzia kuwaiga wasiokuwa Waislamu, kwa hadithi aliyoipokea Abu Daud. Nikaisoma Surat Al-Ankabut, sura iliyopewa jina la huyo huyo buibui, ambapo katika aya ya 41 Allah (s.w) anatupigia mfano wa wanaojifanyia walinzi badala Yake: wao ni kama buibui aliyejijengea nyumba, na hakuna nyumba iliyo dhaifu kuliko ya buibui. Nikasema, umeona? Mtoto amemtegemea buibui, na nyumba ya buibui imemwangusha.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Baba Jaafar, kata. Kitambaa kitapatikana kingine. Lakini nijibu kwanza. Jina la huyu mtoto ulilichagua wewe. Umeshawahi kumweleza huyo Jaafar alikuwa nani?"

Nikanyamaza.

Akaongeza: "Watoto wa watu unawasimulia kila siku. Wako anasimuliwa na simu."

Ndugu msomaji, mimi nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nikieleza Vita vya Muuta, tarehe zake, sababu zake na makamanda wake. Alfajiri natoka mtoto amelala, na baada ya Isha narudi mtoto amelala. Katika miaka saba sikuwahi kukaa na mwanangu dakika kumi nikamweleza jina lake limetoka wapi. Nikauweka mkasi chini.

Je, vazi lenyewe ni haramu?

Tusikimbilie kuharamisha kwa sababu tu tumekasirika. Tutazame nyumba ya Mtume (s.a.w) ilikuwaje. Abu Daud amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a) kuwa Mtume (s.a.w) aliporejea kutoka katika moja ya vita, upepo ulifunua pazia, akaona vibandia vya Bibi Aisha. Katikati yao palikuwa na farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Mtume (s.a.w) akamuuliza habari ya farasi huyo, na kama farasi huwa na mabawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hajasikia kuwa Nabii Suleiman (a.s) alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume (s.a.w) akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

Tuizingatie hadithi hii. Kitu kile kilikuwa cha kuchezea, kimetengenezwa kwa vitambaa, na kilikuwa na umbile ambalo kwa kawaida halipo duniani. Mtume (s.a.w) hakuchukua mkasi. Aliuliza, akasikiliza, akacheka. Lakini tutazame pia jibu la Bibi Aisha. Alipoulizwa kuhusu mabawa, alichokuwa nacho kichwani ni kisa cha Nabii wa Allah. Mchezo wake ulikuwa umejengwa juu ya visa alivyovisikia. Mwanangu naye alijenga mchezo wake juu ya visa alivyovisikia. Tofauti ni nani aliyemsimulia.

Aidha, katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Rubayyi binti Muawwidh (r.a) kuwa Masahaba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula hupewa kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu ufike. Mikono ya mama Waislamu ilitengeneza michezo, na mchezo ukamsaidia mtoto kufikia ibada.

Kwa msingi huo wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, japokuwa wapo waliokuwa wakali zaidi, na tunaiheshimu rai yao. Ama mimi naona vazi la mchezo la mtoto mdogo lina mipaka yake. Lisiwe la sikukuu ya dini au mila ya wengine, kama ile Halloween ya Oktoba 31 ambayo kule Marekani mavazi haya huvaliwa sana. Lisiwe na alama ya ibada ya wengine. Lisivaliwe katika swala likiwa na sura za viumbe. Na lisiwe la hatari kwa mwili wake, kwani kinyago kinachobana pumzi na kuziba macho ni jambo la kuogopwa kabla hata hatujafika kwenye fiqhi.

Lakini neno la mwanangu kuwa buibui haanguki si suala la nguo. Hiyo ni itikadi. Mtoto ameamini kuwa ipo nguvu inayomshika, na nguvu hiyo si Allah. Itikadi haikatwi kwa mkasi. Ningelichana vazi lile vipande mia, imani ile ingebaki pale pale kifuani mwake, pamoja na chuki kwa baba yake. Mtume (s.a.w) alipompandisha Ibn Abbas (r.a) nyuma yake juu ya mnyama naye akiwa kijana mdogo, alimfundisha, kama alivyopokea Tirmidhi, kuwa akiomba amuombe Allah na akitaka msaada autake kwa Allah. Alimfundisha wakiwa njiani, wawili tu, wamekaribiana. Sisi tunataka mafunzo hayo yaingie kwa kelele za usiku mmoja.

Usiku wa Jaafar

Kesho yake niliaga darasa la watu wazima. Baada ya Maghrib nilikaa mkekani na mwanangu, mkono wake umefungwa, nikamweleza Jaafar bin Abi Talib (r.a) alikuwa nani. Nikamwambia alikuwa mtoto wa ami yake Mtume (s.a.w). Nikamweleza alivyosimama mbele ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akamsomea Surat Maryam mpaka mfalme akalia. Nikamweleza Abu Huraira (r.a) alivyosema kuwa Jaafar alikuwa mbora wa watu kwa maskini, akiwachukua nyumbani kwake na kuwalisha kilichopo, hata kama ni kiriba kitupu cha samli wakilambe.

Kisha nikafika Muuta, mwaka wa 8 Hijria. Alishika bendera baada ya Zaid bin Haritha (r.a) kuuawa. Mkono wake wa kulia ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto. Wa kushoto nao ukakatwa, akaikumbatia kifuani mpaka akauawa. Ibn Umar (r.a) alihesabu majeraha hamsini mwilini mwake, wala hakuna hata moja lililokuwa mgongoni. Na Allah akambadilishia mikono ile kwa mabawa mawili, anaruka nayo Peponi. Ndiyo maana Ibn Umar alipokuwa akimsalimia mtoto wa Jaafar, alikuwa akimwita mwana wa mwenye mabawa mawili.

Mwanangu aliutazama mkono wake uliofungwa. Akauliza: "Baba, yeye alianguka?"

Nikamjibu, ndiyo mwanangu, alianguka. Mashujaa wetu wanaanguka. Anayewashika wakianguka ni Allah.

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza kama mama anaweza kumshonea mabawa kama ya Jaafar. Nikamwambia yale hayashonwi kwa cherehani, hutolewa na Allah kwa aliyetoa mikono yake. Nikamwambia aanze na huo mmoja ulio mzima: kesho asubuhi amsaidie bibi jirani kubeba ndoo ndogo ya maji. Alikwenda.

Siku ya kufunga shule alivaa vazi lake, bila kinyago, na hogo mkononi. Sikumzuia. Mama yake alikuwa amekesha usiku sita kwa mapenzi, na mapenzi ya mama si kitu cha kukatakata kwa hasira.

Ndugu Waislamu, nasema haya kwa wale walio kama mimi, tulio na elimu ya kuwapa watu na nyumba zetu zina njaa. Allah (s.w) ametuamrisha katika Surat At-Tahrim, aya ya 6, tujikinge nafsi zetu na watu wetu na Moto. Watu wetu ndio waliotajwa baada ya nafsi zetu, kabla ya darasa la msikitini na kabla ya ukurasa huu wa gazeti. Watoto wetu tumewapa majina ya Hamza, Bilal, Sumaiya na Khadija. Leo usiku, kabla hajalala, mwite wako umuulize kama anajua jina lake ni la nani. Akishindwa kujibu, usimfokee. Kaa chini umweleze.

Tunamuomba Allah (s.w) atusamehe tuliyoyapuuza, atujaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na awashike mikono pale ambapo mikono yetu haifiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.