Ratiba ya Mieleka na Kipimo cha Haki



Huku Minago vijana huangushana kwenye mchanga wa ziwa bila ratiba wala mwamuzi. Shuleni si hivyo. Mieleka ikiwa mchezo wa shule huwekewa msimu, na msimu ukiangukia Ramadhani maneno huanza. Je, sisi tulio wachache tuna haki ya kuomba ratiba ibadilishwe?

Tuanze na hukumu. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa baadaye. Mchezo wa hiari si ugonjwa, wala mwendo wa kutoka Minago hadi Rumonge mjini si safari ya kumhalalishia mtu kula. Kwa hiyo aliyefunga ama ashindane alasiri akiwa na koo kavu, ama ajitoe. Na mwili uliokauka maji si jambo la mzaha. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa wiki chache, wakijikausha ili wapunguze uzito. Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa. Ratiba na kanuni za mchezo huwekwa na watu, na watu wanaweza kuzibadilisha.

Wapo wasemao: “Ni mwezi mmoja tu, vumilieni.” Lakini mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa Miladi, na mwaka 2030 unatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na Desemba. Kuhamisha mashindano mara moja hakutoshi. Tunachohitaji ni kanuni ya kudumu, si hisani ya mwaka mmoja.

Kanuni hiyo tuidai kwa hoja gani? Kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwarudisha vijana wadogo. Inasimuliwa kwamba Rafi' bin Khadij aliruhusiwa kwa ustadi wake wa mishale. Samura bin Jundub akasema kwamba yeye humwangusha Rafi' kwa mieleka. Wakashindanishwa, Samura akashinda, naye akaruhusiwa. Samura hakuomba kuhurumiwa. Alitaka kipimo alichopimiwa mwenzake apimiwe na yeye, na Mtume akaisikiliza hoja yake.

Lakini haki ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Darasani kwetu alikuwepo Msabato. Mashindano yalikuwa Jumamosi, naye kila mara alibaki nyumbani. Ramadhani ilipokuja, mimi nilikuwa wa kwanza kwenda kwa mwalimu kuombea Waislamu. Tukahamishiwa siku. Yeye hakuhamishiwa, wala sikumtaja. Siku ile nilimshukuru Mungu, leo naona haya. Nilidai kipimo cha Samura kwa ajili yangu, nikamnyima jirani yangu.

Tukumbuke kwamba Burundi, ambako Wakristo ndio wengi, Idi zetu mbili ni sikukuu za taifa. Watu wasiofunga hupumzika siku yetu. Tumeshapewa nafasi na wengine. Tukiomba nafasi yetu peke yetu, tunaomba upendeleo. Tukiomba kila mwenye ibada asilazimishwe kuchagua kati ya dini yake na timu yake, hapo tunaomba haki.

Basi safari nyingine tukienda kwa mkuu wa shule, twende na barua moja, na ndani yake tuandike maombi mawili: Ramadhani na Jumamosi.

Wallahu a'lam.