Mjukuu Wangu, Meza Haina Mjomba

Mjukuu wangu, nasikia unajifunza poka. Tena unajisifu kwamba sheria zake zilikuingia jioni moja tu. Hapo ndipo uliponitia wasiwasi.

Maana ni kweli, sheria zake nyepesi. Kila mmoja anagawiwa karata mbili za kuficha, mnaweka dau. Zinafunuliwa tatu mezani, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila mara unaulizwa: unaongeza, unafuata, au unatupa? Katika zote saba unachagua tano zilizo bora. Jozi moja inapigwa na jozi mbili, jozi mbili zinapigwa na tatu zinazolingana, hivyo hivyo mpaka juu. Mtoto wa darasa la nne atakariri yote hayo kabla ya chakula cha usiku. Nakuomba, mjukuu wangu, usidhani umejua kitu.

Ree mbili mkononi ndio mwanzo bora kuliko wote, na huja mara 1 katika 221. Haya, tuseme umezipata, na mwenzako ana wafalme wawili. Mkimwaga pesa zote, mara 18 hivi katika kila 100 atakushinda, na hukukosea popote. Siku nyingine wafalme watakuwa mkononi mwako, utashinda wewe, utarudi nyumbani unatembea kifua mbele ukidhani ni akili zako. Siku hiyo ndiyo ninayoiogopa. Anayelia siku ya kwanza huacha. Anayecheka hurudi na mshahara. Mshindi wa jana ndiye mteja wa kesho.

Na mwenye meza je? Yeye hachezi, anakata chake tu. Mara nyingi ni asilimia 5 hivi ya pesa iliyokusanyika katikati. Chukua vijana watano, kila mmoja na shilingi 10,000. Kama kila mzunguko ungekusanya 10,000, yeye angetoa 500. Mizunguko 100 ni 50,000, yaani pesa yote mliyokuja nayo! Mezani karata hugawiwa mara 30 hivi kwa saa. Kwenye simu ni haraka zaidi. Mngekuwa na ujuzi sawasawa, nyote watano mngetoka mikono mitupu, na kila mmoja angedhani pesa yake iko kwa mwenzake.

Ndiyo, najua utanitajia yule mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyeingia mashindano makubwa ya Las Vegas mwaka 2003 kwa tiketi aliyoishinda kwenye intaneti, akaondoka na dola milioni 2.5. Wachezaji walikuwa 839. Hebu nitajie wa 500 alikuwa nani.

Mimi nitakutajia mwingine. Stu Ungar alitwaa taji hilo hilo mwaka 1980, akalirudia 1981, akalirudia tena 1997 kwa dola milioni 1. Wanaoujua mchezo wanamhesabu miongoni mwa mabingwa wakubwa kabisa. Pesa za karata zikaishia kwenye farasi, kwenye kubeti michezo na kwenye kokeini. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli ya bei ya chini hapo hapo Las Vegas, ana miaka 45. Huyo ni bingwa, mjukuu wangu. Wewe una jioni moja.

Tena kwenye simu hujui umekaa na nani. Mwaka 2017, huko Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa kwa siku 20. Haichoki, haikasiriki, haina kodi ya nyumba. Wewe unavyo vyote vitatu.

Na hata ukikaa na watu, meza haina mjomba. Pesa utakayoshinda inatoka mfukoni mwa aliyekaa mbele yako. Huenda ni ada ya mdogo wake, huenda ni mtaji wa mama yake wa kuuza samaki. Ukimwonea huruma utashindwa; usipomwonea, utazoea. Sijui lipi linaniuma zaidi. Huyo rafiki anayekufundisha bure, muulize kwa nini ana haraka mwanze kuweka pesa. Mwalimu asiyedai ada anajua mfuko wako ulipo.

Karata zenyewe sina ugomvi nazo. Njoo tucheze arubastini mpaka usiku wa manane, ukinishinda nitanuna bure. Ila pesa usiweke. Nakusihi, pesa usiweke.

Na kama umeshaweka na imeshaliwa, usikope kwenye simu ili uirudishe. Usikope, nasema tena. Njoo kwangu usiku huo huo, ugonge mlango. Nitafoka kwanza, hilo lazima ulivumilie, kisha tutakaa tupige hesabu ya deni.