Deni la Mfugaji

Je, ni haki kumwondoa kiumbe hai mahali alipozaliwa, si kwa ajili ya chakula, bali ili macho yetu yafurahi?

Sisi tukaao nyanda za juu, Kasulu na Kibondo, twawajua samaki wa Ziwa Tanganyika wakiwa wakavu: dagaa na migebuka waletwao sokoni kutoka Kigoma. Walakini wako samaki wa ziwa lilo hilo ambao wachuuzi hawatuletei. Hao husafirishwa kwa ndege wakiwa hai, ndani ya mifuko ya maji, mpaka Ulaya na Marekani, wakakae sebuleni katika masanduku ya kioo. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliwapeleka kutoka Bujumbura. Baadaye biashara hiyo ilifanyika Kigoma pia.

Mmoja wao wataalamu humwita Eretmodus. Boulenger wa London aliandika habari zake mwaka 1898. Urefu wake wapata sentimeta 8. Si wa jamaa ya gobi, wale samaki wadogo wa baharini, lakini amefanana nao, kwa maana aishi kama wao. Makao yake ni ukingoni, penye mawe na mawimbi. Kibofu cha hewa kiwasaidiacho samaki wengine kuelea, kwake ni kidogo; kwa hiyo hutulia juu ya mawe na kurukaruka, mawimbi yasimchukue. Kwa meno yake hukwangua mwani uliotanda juu ya mawe. Tena mume na mke hukaa pamoja: mke huyashika mayai kinywani, kisha humkabidhi mume watoto wangali wachanga, naye huwahifadhi kinywani mwake mpaka waweze kuogelea wenyewe.

Basi tuulize: huko ziwani ni nani amtunzaye? Ni wimbi. Wimbi huyatia maji hewa, tena huchukua uchafu. Jua huotesha mwani, na maji yenyewe yana magadi kadiri imfaayo. Mtu amtiapo katika sanduku, wimbi halipo. Hapana budi mtu huyo awe wimbi: ayatikise maji kwa mashine mchana na usiku, ayabadilishe, ampe chakula cha majani. Akimshibisha nyama kwa kumpenda, tumbo huvimba akafa. Kumbe hata upendo usio na maarifa waweza kuua.

Mtu atasema, “Huyu ni samaki tu, nasi twala samaki kila siku. Tena mvuvi amwuzaye hupata karo ya wanawe.” Neno hilo lina nguvu, wala simlaumu mvuvi. Lakini deni la mlaji huisha chunguni. Deni la mfugaji huanza siku ile amchukuapo samaki, na huisha siku samaki afapo. Wako wafugaji walilipao vema, hata samaki hawa wamezaana katika masanduku yao. Na afadhali mtu anunue wale waliozaliwa humo kuliko kuwatoa wengine ziwani. Asiyeweza kulilipa deni hili, kwake samaki huyu hafai, hata akiwa na fedha nyingi.

Wala jambo hili si la samaki peke yake. Mara ngapi mtoto wa ndugu huchukuliwa kijijini kwenda mjini, watu wakasema, “Anasaidiwa”? Kule nyumbani alikuwa na jicho la bibi, michezo ya wenzake, na jirani wa kumwonya. Kazi hizo hakuna aliyezihesabu, kwa kuwa zilifanyika kimya kama kazi ya wimbi. Amchukuaye mtoto amejitwika zote. Sahani ya wali na godoro havitoshi.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujanyosha mkono kumchukua kiumbe, hesabu kwanza kazi ambazo makao yake humfanyia. Kama waweza kuzifanya, mchukue, nawe uzifanye hata mwisho. Kama huwezi, mwache ukingoni penye mawimbi yake.