Chumvi ya Makindu

Katika hekalu la Makalasinga hapa Makindu, hakuna anayekuuliza jina. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unapokea sahani ya chuma na kuketi. Hekalu lilijengwa 1926, kando ya reli ambayo Makalasinga wenyewe walishiriki kuijenga, na msafiri wa barabara ya Mombasa hula humo bila kudaiwa hata ndururu. Jumamosi moja nilikaa karibu na dereva wa lori. Dengu ikamdondokea shatini, tukacheka, nikamgawia chapati yangu ya pili. Tulipotoka, kila mtu alitafuta viatu vyake. Sikujua hata anaitwa nani.

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikumbusha msemo kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Alimaanisha chumvi nyingi, yaani muda mrefu. Sawa, lakini nawajua majirani waliokula chumvi moja miaka thelathini na bado kila mmoja anamhesabia mwenzake vibaba.

Nadhani kinachopungua hapo ni kitu kingine, na nilikiona katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka 2012. Ukimuuliza mwanafunzi aliyetahiniwa kwayo urafiki wa Amani na Imani ulianzia wapi, atakujibu upesi: Mto Kiberenge, walipokunywa maji ambayo wenyeji waliyafanya mwiko. Jibu zuri. Huku Ukambani, ambako mama huchimba mchanga wa mto mkavu na kungoja maji yajikusanye kata moja moja, kunywa pamoja si jambo dogo. Ila kiu ni ya kila mtu, na ikishakatika, njia zinaweza kuachana.

Mimi naona hadithi inageuka pale kitoto kichanga kinapokutwa mlangoni mwa kibanda cha Amani. Imani angeweza kuondoka. Kutwa nzima alishughulika na watoto wa mwajiri wake, Majisifu, wenye ulemavu. Nani angemlaumu kwa kukataa mzigo mwingine? Akabaki, wakamlea pamoja.

Angekuwa anamsaidia Amani katika shida ya Amani mwenyewe, ingekuwa hisani, na hisani huzaa deni. Hata ukiambiwa usirudishe, moyo unaweka daftari. Lakini mtoto hakuwa wa Amani, wala hakuwa wa Imani. Hapakuwa na wa kumshukuru mwenzake. Kwenye ukumbi wa Makindu deni halipo pia, ila hapakuwa na chochote ambacho mimi na yule dereva tulikibeba.

Mtu atasema ni mateso yaliyowaunganisha, kwa kuwa mtoto alikufa na wote wawili wakakamatwa. Sikubali. Pingu ziliwakuta wameshakuwa marafiki. Mateso matupu mara nyingi hufundisha watu kusukumiana lawama, na hapo kila mmoja alikuwa na sababu ya kumwambia askari: muulizeni yule.

Jumamosi ile, nikitafuta viatu, niliwaona wanawake wawili kwenye karo la vyombo. Walikuwa wageni kama mimi. Basi lao lilikuwa likipiga honi barabarani. Mmoja alisugua sahani, mwingine akasuuza, rundo zima la sahani za watu walioshaondoka. Walikuwa wakizungumza Kikamba, kwa sauti ya chini. Honi ikalia tena. Hakuna aliyegeuka.