Ninyi Mnaoshangilia Mtu Akianguka

Sikieni, mashabiki wa hoki ya barafuni, ninyi ambao kila Aprili mtoano wa Kombe la Stanley ukianza mnavaa jezi na kuvua utu. Nina neno nanyi. Naupenda mchezo huu, na ndiyo maana sitanyamaza.

Mnajisifia ile safu ya kupeana mikono. Timu moja ikishapata ushindi wa nne katika mfululizo wa mechi saba, wachezaji waliogongana kwa wiki mbili huvua glavu, wakapita mmoja mmoja wakishikana mikono. Ni jambo zuri, sikatai. Ipo picha ya Aprili 1952: Maurice Richard wa Montreal, kichwa kimefungwa bandeji, damu inamchirizika usoni, anapeana mkono na Jim Henry, kipa wa Boston, jicho limevilia damu, kichwa amekiinamisha. Richard alipoteza fahamu katika mechi ya siku hiyo, akashonwa, akarudi kufunga bao la ushindi. Mnaionyesha picha hiyo mkisema, huu ndio uungwana wetu. Wenu kwa lipi? Uungwana ule ulikuwa wa watu wawili walioumia. Ninyi mliokaa vitini mlitoa nini?

Tarehe 29 Mei 1996, Claude Lemieux wa Colorado alimgonga Kris Draper wa Detroit kutoka nyuma, uso ukabamizwa kwenye ukingo wa uwanja. Taya likavunjika, shavu likavunjika, pua ikavunjika. Colorado wakaimaliza raundi usiku uleule, na mikono ikapeanwa kama desturi, Draper hayumo safuni. Lemieux akafungiwa mechi mbili tu, kisha akalinyanyua kombe pamoja na wenzake. Detroit wakaweka kinyongo hadi tarehe 26 Machi 1997, wakalipiza, na hata makipa, Patrick Roy na Mike Vernon, wakaacha malango yao wakapigana ngumi katikati ya uwanja. Usiku huo mnausimulia hadi leo kama sikukuu. Baba anamhadithia mwanawe kwa fahari nani alimpiga nani, wala hamwambii kwamba Draper alifungwa taya kwa waya asiweze kutafuna chakula.

Mnasema, ndivyo mtoano ulivyo. Nani aliufanya uwe hivyo? Refa akipuliza filimbi mnamzomea: waache wacheze! Asipopuliza, na aliyeanguka ni wa kwenu, mnamwita mwizi. Mnataka mpinzani agongwe kwa mwili tangu mechi ya kwanza ili ya saba imkute hajiwezi, na hilo mnaliita mbinu.

Nalo lililo baya zaidi halikufanyika barafuni. Tarehe 25 Aprili 2012, Joel Ward wa Washington aliifunga Boston katika muda wa nyongeza wa mechi ya saba. Tarehe 1 Mei 2014, P.K. Subban wa Montreal akaifunga Boston hiyohiyo, nayo katika muda wa nyongeza. Wote wawili ni weusi. Usiku uleule Twitter ikajaa matusi ya rangi dhidi yao, yaliyoandikwa na watu wanaojiita wapenzi wa timu iliyompa jezi Willie O'Ree, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi inayoshindania Kombe la Stanley, mwaka 1958. Aibu iwapate walioandika, na iwapate pia waliosoma wakapita kimya kwa kuwa mwandishi alivaa rangi zao.

Vancouver nayo, tarehe 15 Juni 2011, ilifungwa 4–0 nyumbani katika mechi ya saba ya fainali. Ndani ya uwanja wachezaji walipeana mikono. Mitaani magari yalichomwa moto, maduka yakavunjwa na kuporwa. Waliovuja jasho walikubali matokeo. Walionunua tiketi na bia ndio walioyakataa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na ninyi hata hamkushindana.

Nanyi ndugu zangu wa kwetu mlioko Kanada, mnaowaamsha watoto alfajiri kwenda mazoezini na begi kubwa kuliko wao, msidhani nawasema wengine. Mtoto wa timu pinzani akianguka akashika goti, nani alipiga makofi? Yule refa mnayemfokea kutoka jukwaani mara nyingi ni kijana wa shule, naye ana mama anayemsubiri nyumbani. Mwanao anakusikia. Neno unalolitupa uwanjani asubuhi atalirudia mwenyewe, kwa mtoto mwenzake, kabla msimu haujaisha.

Mwombeni radhi huyo kijana wa filimbi. Futeni mliyoyaandika mkiwa na hasira. Na Aprili ijayo, wa kwenu akimgonga mtu kutoka nyuma, mzomeeni yeye, kwa sauti ileile mnayomzomea refa.