Hindi Zuri Si Mbegu

Mkulima mmoja wa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, alipanda mbegu chotara ya dukani, na shamba likawapendeza hata majirani. Mabua yalilingana, mbelewele zikatoka karibu siku moja. Baada ya mavuno akatenga mahindi manono kuliko yote, akayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi, wadudu wasiyaguse.

"Mama, mwakani mbegu hatununui," akamwambia mkewe.

Masika iliyofuata mvua ilikuwa ya kutosha na samadi ilitiwa, lakini shamba lilikuwa vurugu. Bua hili linaishia kifuani, lile linapita kichwa. Moja limeshaota ndevu, la pembeni yake mbelewele hata haijachungulia. Ukimenya hindi unakuta punje chache upande huu, gunzi tupu upande ule. Mzee akalaumu duka, kisha ardhi, kisha kijicho cha jirani.

Tatizo lilikuwa uzazi. Wazazi wa mbegu chotara huchavushwa kwa chavua yao wenyewe vizazi kadhaa mpaka kila ukoo unakuwa dhaifu lakini sare. Mwaka 1908, huko Marekani, George Shull alionyesha kwamba koo mbili za namna hiyo zikichanganywa, watoto hupata nguvu na hufanana. Wajukuu ndio hawafanani: urithi unachanganyika upya katika kila punje, na karibu nusu ya ile nguvu ya ziada hupotea katika kizazi kimoja tu. Punje nono haikuonyeshi hayo kwa nje.

Kilichomponza mzee ni maharage. Mkewe alikuwa akihifadhi Lyamungu 90 kwenye galoni lenye majivu mwaka hadi mwaka, na yanaota sawasawa, kwa sababu ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Akadhani mahindi nayo yataitika.

Siku hizi anapanda TMV-1, mbegu isiyo chotara, ambayo inaweza kurudiwa. Huchagua mabua yakiwa bado yamesimama, mengi, katikati ya shamba, walau mita 200 kutoka kwenye chotara ya jirani. Kwenye lundo hachagui tena, maana bua lililokaa peke yake karibu na samadi huzaa hindi nono hata kama ukoo wake ni dhaifu.